Namna ya kuvuka nyika ya Australia na karavani, Port Augusta mpaka Darwin

Kama unaishi huku Australia, au una mpango wa kuja kutembelea ndugu, na umewahi kuwaza kufunga karavani nyuma ya gari uende kuona ile Australia ya katikati, ile ya udongo mwekundu na hakuna mtu, basi anza na Stuart Highway. Inatoka Port Augusta kusini inapanda moja kwa moja mpaka Darwin kaskazini kabisa, kama kilomita 2,700 hivi, yaani utoke Dar uende Mwanza urudi tena Dar na bado hujafika. Ni lami mwanzo mwisho, kipande cha mwisho upande wa South Australia kilikamilika 1987, kwahiyo huhitaji gari la ajabu, unahitaji gari zima lenye nguvu ya kuvuta. Watu wengi wakisikia hiyo safari wanaulizia nyoka na buibui. Nyoka unaweza usimuone safari nzima. Kinachowatesa watu huko ni umbali: umbali wa sheli hadi sheli, umbali wa kumpata fundi, umbali wa hospitali, umbali wa kupata netiweki. Kila nitakachosema hapa chini kinahusu huo umbali, ukiupangia vizuri utafurahi mno, nchi ile ni nzuri kiasi kwamba mtu anaweza kukaa kimya garini saa nzima anaangalia tu.

Kwanza msimu. Nenda kati ya Mei na Agosti, Septemba mwanzoni sio mbaya. Desemba mpaka Februari katikati kule joto linapita digrii 40 na kaskazini ndio masika yao, mito inafurika na barabara inafungwa. Ila usidanganyike ukasikia jangwa ukabeba fulana tupu, Alice Springs mwezi wa saba usiku baridi inashuka mpaka karibu na sifuri, kuna siku asubuhi unakuta barafu kwenye kioo cha gari. Beba blanketi nzito za kutosha. Na kama una watoto angalia kalenda ya likizo za shule, Juni mwishoni na Julai vituo vya karavani vya Alice na Yulara, kale kamji ka kulala karibu na Uluru, vinajaa, huko usiende bila kubuku.

Sasa tuje kwenye uzito, na hapa naomba usome taratibu kwasababu ndio sehemu watu wanaipuuza kuliko zote. Karavani yako ina kibati kimegongwa namba, tafuta palipoandikwa ATM, huo ndio uzito wa mwisho ambao karavani inaruhusiwa kufika ikiwa na kila kitu ndani. Tuseme ni kilo 2,500 na ikiwa tupu ina kilo 2,100, maana yake umebakiziwa kilo 400 tu za kupakia. Inasikika nyingi eh? Matanki mawili ya maji ya lita 90 yakijaa tayari ni kilo 180. Ongeza betri ya ziada, turubai, viti, sufuria, baiskeli za watoto, friji imejaa nyama, boksi la vifaa, unashtukia umeshapita na hata nguo hujaweka. Ukipita uzito breki hazishiki vizuri, tairi zinachemka, na ikitokea ajali kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Kwahiyo pakia kila kitu kama unavyosafiri, jaza maji, kisha peleka mizani. Mizani za umma zipo miji mingi na siku hizi kuna mafundi wanakuja na mizani mpaka nyumbani kwako. Pima karavani peke yake, pima gari peke yake, pima vyote vikiwa vimefungwa, maana gari nalo lina kikomo chake cha mzigo wa kuvuta na cha jumla.

Alafu kuna namna ya kupanga. Vitu vizito viweke chini na karibu na ekseli, usirundike mwisho wa karavani. Uzito unaokaa kwenye ile boli ya kufungia nyuma ya gari uwe kama asilimia 10 ya uzito wa karavani. Nyuma ikiwa nzito, mbele inakuwa nyepesi, ukifika spidi 90 upepo wa lori ukikupiga karavani inaanza kucheza kushoto kulia, na hapo inaweza kulivuta gari lote likapinduka. Ikianza kucheza usikanyage breki ya gari kwa nguvu na usiongeze mafuta, achia mafuta taratibu, shika usukani unyooke, na kile kidude cha breki za karavani kinachofungwa karibu na usukani kibonyeze kwa mkono ili karavani ifunge breki yenyewe, itanyooka. Jifunze kukitafuta kwa mkono bila kuangalia kabla hujatoka mjini. Na karavani inayozidi tani 2, sheria inataka breki kwenye magurudumu yote pamoja na kifaa cha kufunga breki chenyewe ikitokea imechomoka kwenye gari, hakikisha betri ya hicho kifaa ina chaji.

Kabla ya safari peleka gari sevisi ya kweli, sio kubadilisha oili tu: fenibelti, mipira ya rejeta, maji ya kupozea injini, betri, shokapu. Karavani nayo beringi zipakwe grisi mpya. Tairi za karavani angalia tarehe ya kutengenezwa ubavuni, maana zinaweza kuwa na kashata nzima kabisa lakini raba imeshazeeka kwa kukaa juani. Spea mbili, ya gari na ya karavani, na ujaribu jeki yako kwenye karavani ukiwa nyumbani, jeki nyingi za gari ndogo hazifai hapo, bora ujue nyumbani kuliko ujue kilomita 120 kutoka mji wa karibu. Beba na fenibelti ya akiba, fyuzi, mipira ya maji, waya, gundi ya nguvu, kipimo cha upepo na kikompresa kidogo.

Tabia moja nataka uibebe: kila mnaposimama, kabla hujaenda chooni, zunguka karavani. Sogeza nyuma ya kiganja karibu na hubu ya kila gurudumu, usiishike moja kwa moja. Zote zinatakiwa ziwe na joto la kufanana. Ukikuta tatu ni vuguvugu na moja inakuunguza kabla hata hujaigusa, hiyo beringi inakufa au breki imeng'ang'ania, na hiyo ndio ile gurudumu inayochomoka mbele ya safari. Alafu angalia tairi, minyororo ya usalama, waya wa taa, madirisha na ngazi kama imekunjwa. Dakika 3 tu.

Mafuta. Gari ambalo mjini linakula lita 11 kwa kilomita 100, likivuta tani mbili na nusu hesabu 17 mpaka 20, na upepo ukikupiga usoni siku nzima inapanda tena. Tanki la lita 80 kwa hesabu hiyo ni kilomita 400, na hutaki kufika mwisho. Kutoka Glendambo mpaka Coober Pedy ni kama kilomita 250 na katikati hakuna sheli hata moja, hakuna duka, hakuna nyumba, Dar mpaka Moro na zaidi bila hata muuza maji wa barabarani. Kwahiyo sheria ni rahisi, tanki likifika nusu na kuna sheli mbele yako, jaza, bei usiiangalie. Ndio, mafuta huko ni ghali kuliko Adelaide, hiyo ni gharama ya safari, iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Hivi vituo vya njiani vinachanganya sheli, mgahawa, baa na sehemu ya kulala, vingine vinafunga usiku mapema, na vipo vilivyofungwa moja kwa moja, kwahiyo usitegemee ramani ya zamani, piga simu siku moja kabla. Dumu moja la akiba la lita 20 linatosha kwa barabara ya lami, na lisikae ndani ya karavani kamwe.

Maji hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupika na kujimwagia kidogo, na uwe na akiba ya siku 3 juu ya hapo. Usiyaweke yote kwenye matanki ya chini ya karavani, jiwe moja likipiga mpira wa tanki yote yanamwagika na hutajua mpaka jioni, weka na madumu ndani ya gari. Mabomba ya njiani mengine ni ya kisima na yamebandikwa kibao kwamba sio ya kunywa, heshimu kile kibao.

Chakula kipo kwenye vituo, baga na chipsi na pai, lakini siku ya nne utatamani ugali. Unga unapatikana maduka ya Kiafrika ya Adelaide na Melbourne, beba kilo kadhaa, maharage ya kuchemsha kabisa ukayagandisha, dagaa, majani ya chai, iliki. Nyanya na matunda nunua kidogo kidogo, maana kuingia South Australia au Western Australia kuna vituo vya karantini vinavyokagua magari, wanalinda mashamba yao na nzi wa matunda, ukikutwa na maembe ambayo hukuyatangaza unapigwa faini. Kule njia ya Nullarbor, ile ya kusini inayounganisha majimbo hayo mawili, wanakagua Border Village ukielekea magharibi na Ceduna ukirudi mashariki.

Kuendesha kwenyewe, tunapita kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, nyie mliozoea kulia, Kongo, Rwanda na Burundi, jizoezeni mjini kwanza na karavani ikiwa imefungwa, hasa kurudi rivasi. Kama leseni yako haijaandikwa kwa Kiingereza beba ya kimataifa. South Australia kikomo ni 110, Northern Territory, yaani upande wa Alice na Darwin, vipande vingine vinaruhusu 130, hiyo sio ya kwako wewe mwenye karavani. Nenda 90 au 95, utaokoa mafuta, tairi hazichemki, na breki zitakuwa na nafasi ya kufanya kazi. Kilomita 400 kwa siku zinatosha kabisa, ukipanga 800 utachoka na hutaona chochote.

Na ufike unapolala saa kumi jioni. Nasisitiza hii kuliko zote. Jua linazama kama saa kumi na mbili wakati wa baridi na hapo ndio kangaruu wanatoka, ng'ombe nao wanatembea barabarani maana mashamba mengi ya huko hayana fensi kando ya barabara, na ngamia wa porini pia wapo, uzao wa wale walioletwa karne ya 19 pamoja na waongoza misafara kutoka pande za Afghanistan na India ya zamani, waliobeba mizigo kuijenga nchi ile kabla ya treni, na treni ya Adelaide mpaka Darwin mpaka leo inaitwa The Ghan kwa ajili yao. Ngamia ukimgonga anaangukia kioo cha mbele. Mnyama akikatiza, kanyaga breki ukiwa umenyooka, usikate kona, na karavani nyuma ukikata kona umepinduka. Mchana angalia tai, wanakula mizoga katikati ya barabara na ni wazito kuruka, punguza spidi mapema.

Kisha malori. Yale ya kuunga matrela matatu, wanayaita roadtrain, yanafika urefu wa mita 53 na nusu. Nunua redio ya UHF, weka chaneli 40 ambayo madereva wa malori wanaongea, wenye karavani wengi wanaongea 18, na chaneli 5 iache ni ya dharura tu. Roadtrain ikija nyuma yako mwambie kwenye redio kwamba umemuona, kaa upande wako, usibadilishe spidi mpaka atoke kuanza kuovateki, akishafika ubavuni achia mafuta kidogo apite haraka, kisha mwambie akipata nafasi ya kurudi. Wale jamaa wanashukuru sana ukifanya hivyo. Wewe ukitaka kumpita yeye, unahitaji kuona mbele kilomita nzima na zaidi, kama huoni subiri, kuna sehemu za kuovateki zinakuja. Na akija mbele yako shika usukani kwa mikono miwili, upepo wake unapiga.

Mawasiliano: netiweki ya simu inapatikana mijini na kwenye vituo, katikati inakatika masaa mengi. Wengi siku hizi wanafunga Starlink, intaneti ya setilaiti, juu ya karavani, na simu mpya zinaweza kutuma meseji ya dharura kwa setilaiti, lakini mi bado naona kila gari libebe kile kifaa kidogo cha kuomba uokoaji, PLB, unakivuta antena unabonyeza, kinatuma mahali ulipo kwa setilaiti, hakina malipo ya mwezi, unakisajili bure kwa mamlaka ya usalama wa baharini ya huko, AMSA. Namba ya dharura ni 000. Sehemu fulani za barabara utaona imechorwa michirizi mipana meupe na kibao cha ndege, hapo panatumika kama uwanja wa ndege za madaktari, Royal Flying Doctor Service, huduma aliyoianzisha mchungaji John Flynn mwaka 1928, na mpaka leo ndio inayowaokoa watu wa nyika. Usipaki hapo. Muachie mtu nyumbani ratiba yako na umpigie kila unapofika, na kwa ndugu wa Afrika Mashariki kumbuka Alice iko mbele masaa sita na nusu, nyumbani ikiwa saa mbili asubuhi kule ni saa nane na nusu mchana.

Gari likikufia, kaa na gari. Usitembee kutafuta msaada, hata kama unaona kama kuna mti au mnara pale mbele. Gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani. Waliokufa kwenye nyika ile wengi waliliacha gari. Fungua turubai upate kivuli, kunywa maji kawaida, subiri, kwenye Stuart Highway mtu atapita na atasimama.

Pa kulala kuna aina mbili, vituo vya karavani vyenye umeme na mabafu, na maeneo ya kupumzikia kando ya barabara ambayo mengine yanaruhusu kulala usiku mmoja bure, programu ya WikiCamps inaonyesha yote pamoja na maoni ya watu. Maji ya choo cha karavani yanamwagwa kwenye sehemu maalum tu, usimwage porini hata kama huoni mtu. Jioni utakuta wazee wastaafu wa Kiaustralia wametandaza viti nje, wanazunguka nchi na karavani miaka na miaka, wasalimie, kaa nao. Wanajua kila shimo la barabara, wanajua sheli gani imefungwa, na ukiwa na tatizo la karavani atatokea mmoja na boksi la spana kabla hujamaliza kulieleza.

Njiani simama Coober Pedy, mji wa opali, yale mawe ya thamani, tangu 1915, watu wengi wanaishi chini ya ardhi kwasababu ya joto, na kanisa lipo chini pia. Ila nje ya mji kuna maelfu ya mashimo ya machimbo yako wazi, usitembee kinyumenyume unatafuta pozi la picha, na watoto washike mkono. Ukifika Erldunda kata kushoto kwenda Uluru, lile jiwe kubwa jekundu, kama kilomita 245 mpaka Yulara, ndani ya hifadhi hairuhusiwi kulala kwahiyo kila mtu analala Yulara. Njiani utaona mlima bapa kushoto utadhani umefika, huo ni Mount Conner, endelea. Uluru yenyewe ni mita 348 na kuupanda kumefungwa tangu Oktoba 26, 2019, Anangu, wenyeji wa asili wa pale, walikuwa wameomba miaka mingi, ni mahali pao patakatifu, na kuna sehemu wanaomba usipige picha. Waheshimu kama ambavyo ungependa mzimu wa kwenu uheshimiwe. Zunguka chini kwa miguu, kama kilomita 10, anza alfajiri na maji lita 3 kila mtu. Ukitaka kutoka nje ya lami kuingia ardhi za wenyeji, mfano Great Central Road, unahitaji kibali na karavani iliyojengwa kwa ajili ya mawe, na jamii nyingi pombe ni marufuku kuingia nayo. Kama karavani ni ya kukodi soma mkataba, nyingi zinakataza kabisa barabara ya vumbi.

Baada ya Alice ni kilomita 500 hivi mpaka Tennant Creek, kabla hujafika lala pale Karlu Karlu kwenye yale mawe makubwa ya mviringo. Kutoka hapo hali ya hewa inabadilika, miti inaongezeka, joto la unyevu linaanza, Mataranka kuna chemchemi ya maji ya vuguvugu digrii 34 ambapo utapumzisha mgongo wote. Lakini kuanzia huko kaskazini mito ina mamba, mamba wa maji chumvi wakubwa kuliko wa Rufiji, usioge wala usioshe sufuria mtoni isipokuwa pana kibao kinachosema paruhusiwa, na hata hapo angalia tarehe ya kibao.

Darwin utafika unasikia hewa ya Dar kabisa, jasho na bahari. Kaa hata wiki, soko la Mindil Beach Alhamisi na Jumapili jioni msimu wa kiangazi lina vyakula vya kila taifa. Wakati unapumzika peleka karavani kwa fundi akague beringi, breki na spring, osha vumbi lote jekundu ndipo utaona nyufa na boliti zilizolegea. Kurudi unaweza kushuka njia ile ile, au ukifika Threeways, kilomita 25 kaskazini ya Tennant Creek, ukakata kushoto kuingia Barkly Highway kuelekea Mount Isa na Queensland, nayo ni lami, na hesabu ya mafuta unaianza upya.